Laptopi Inayochemka na Kujizima: Mwongozo kwa Watumiaji wa Arua na Koboko

Kiangazi kikishakaza West Nile, kati ya Desemba na Machi, laptopi nyingi huanza tabia moja. Asubuhi zinawaka vizuri na kufanya kazi bila taabu. Jua likipanda juu ya mabati, feni inaanza kunguruma, maandishi yanachelewa kutokea, na ghafla skrini inakuwa nyeusi. Ukiiwasha tena inakubali, halafu inajizima mapema kuliko mara ya kwanza. Mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi pale Koboko anapoteza wateja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni anapoteza kurasa za tasnifu yake. Karani aliyetumwa makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp anapoteza orodha ya familia alizoandikisha tangu alfajiri.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na kwa ajili yako kama laptopi yako imeanza kukufanyia hivyo. La kushika kwanza ni hili: laptopi inayojizima kwa joto haijafa. Inajilinda. Inataka mambo matatu kutoka kwako: hewa ya kutosha, usafi kwa wakati wake, na umeme ulio sawa. Mara nyingi hayo yanatosha, na mengi kati yake unaweza kuyafanya mwenyewe.

Kwa nini inajizima

Ndani ya laptopi kuna prosesa, kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, na hicho ndicho kinachotoa joto kubwa kuliko vingine. Juu yake kumekazwa bamba la shaba lililoungwa na bomba bapa. Ndani ya bomba hilo kuna maji kidogo sana. Upande wa joto yanageuka mvuke, upande wa baridi yanarudi kuwa maji, na kwa mzunguko huo yanabeba joto hadi kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa karibukaribu pembeni mwa laptopi. Feni inavuta hewa kutoka chini, inaipuliza katikati ya vibati hivyo, na joto linatoka nje kupitia tundu la ubavuni au la nyuma.

Prosesa nyingi za laptopi zimewekewa kikomo cha karibu nyuzijoto 100. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi ili zipoe, na ndiyo maana mashine huwa nzito kabla ya kuzima. Joto likiendelea kupanda, umeme unakatwa papo hapo, hata kama hujahifadhi kazi yako. Mtu anayeiwasha na kuiwasha tena bila kuipumzisha anairudisha kwenye moto uleule ilioukimbia.

Sasa tazama mazingira yetu. Watengenezaji wengi huandika kwamba laptopi zao zitumike mahali ambapo hewa haizidi nyuzijoto 35. Chumba cha mabati kisicho na dari, saa nane mchana mwezi wa Februari, kinaweza kuvuka hapo. Na joto la chumba likipanda nyuzi moja, la prosesa nalo hupanda karibu nyuzi moja. Jambo la pili ni mwinuko. Mji wa Arua uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni ileile, kwa kasi ileile, huku kwetu inaondoa joto kidogo kuliko pwani.

Jambo la tatu ndilo kubwa: vumbi. Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani ilileta nafuu. Lakini ukiiacha lami tu, ukaingia vichochoro vya mtaa au njia za vijijini, murram nyekundu inarushwa na kila boda na kila lori. Feni ya laptopi inaivuta mchana kutwa, na sehemu ya vumbi hilo haitoki tena.

Kwanza hakikisha kwamba ni joto

Si kila laptopi inayojizima ina shida ya joto. Kabla hujatoa shilingi mfukoni, ipime mwenyewe kwa vipimo hivi.

*Kipimo cha saa.* Izime, iache ipoe kabisa, kisha iwashe ufanye kazi nzito kama kuchezesha video huku programu nyingine zimefunguliwa. Tazama saa. Ikijizima, iwashe papo hapo na utazame saa tena. Ikiwa mara ya pili imedumu muda mfupi zaidi, shuku joto kwanza. Betri iliyochoka au waya wa chaja uliolegea haufuati mpangilio huo.

*Kipimo cha kiganja.* Weka kiganja kwenye tundu la hewa wakati laptopi imepata moto. Hewa ya moto ikitoka kwa nguvu, njia iko wazi. Feni ikinguruma lakini hewa ni hafifu, vibati vimeziba. Kama mashine inaunguza mikono lakini husikii mlio wala huhisi upepo, feni imekufa au imekwama. Baadhi ya laptopi husema zenyewe zinapowaka: HP nyingi huonyesha kosa la feni lenye namba 90B, na ThinkPad huandika "Fan error".

*Kipimo cha BIOS.* Iwashe huku ukibonyeza F2, F10 au Esc, kulingana na aina ya mashine, hadi uingie kwenye ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows. Iache hapo nusu saa. Hapo hakuna programu wala virusi vinavyofanya kazi. Ikijizima hata hapo, tatizo liko kwenye vifaa: feni, vumbi, pesti ya joto au umeme. Ikidumu salama hapo lakini inajizima kila unapoingia Windows, anza kwa kuchunguza programu zinazoichosha.

*Kipimo cha chaja.* Itumie kwa betri peke yake, halafu kwa chaja. Ikizima kila unapotikisa waya, shida ni chaja au tundu lake. Ikizima mara tu chaja inapochomolewa, betri imekwisha. Zote mbili hazihusiani na feni.

Skrini ya bluu yenye maandishi ni habari nyingine. Mara nyingi hutokana na memori, diski au programu, ingawa joto kali nalo linaweza kuileta. Na ukifungua kumbukumbu za Windows ukakuta tukio namba 41, fahamu kwamba linasema tu kuwa kompyuta ilizimika bila utaratibu. Halisemi sababu. Usikubali kuuziwa chaja mpya kwa ushahidi huo peke yake.

Ukitaka namba kamili, pakua HWiNFO au Core Temp, programu za bure zinazoonyesha joto la prosesa. Wenye Linux watumie amri ya sensors. Bila kazi nzito, nyuzijoto 40 hadi 60 si tatizo. Kazini, 70 hadi 85 ni kawaida kwa laptopi. Ikikaa juu ya 90 kwa muda mrefu, inahitaji kusafishwa. Ikigusa 95 na kuendelea kupanda, hifadhi kazi yako na uizime mwenyewe kabla haijakuzimia.

Nafuu ya leo, bila kushika bisibisi

Anza kwa kunakili kazi yako. Laptopi ikizimika katikati ya kuandika faili, faili hilo linaweza kuharibika, na diski za zamani zinazozunguka huumia zaidi. Weka nakala moja kwenye flashi au diski ya nje, na nyingine jitumie kwa barua pepe. Katika Word, ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi upunguze zile dakika 10 za AutoRecover ziwe dakika 2. Likitokea la kutokea, utapoteza aya moja badala ya sura nzima.

Kisha itazame inapokaa. Matundu ya kuvutia hewa yako tumboni mwa laptopi nyingi, kwa hiyo ukiiweka juu ya godoro, kitenge au mapaja, umeifunika pua. Meza nayo inaweza kudanganya. Maduka mengi yametandika plastiki laini ya maua juu ya meza. Feni ikishika kasi, plastiki hiyo inanyanyuka na kunata kwenye matundu, na mwenye duka haoni kitu kwa sababu kila kinachotokea kiko chini ya mashine. Ondoa plastiki, weka laptopi juu ya ubao mtupu, na uinue sehemu ya nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa za maji. Nafasi hiyo ndogo inaipa feni hewa ya kuvuta.

Ihamishe mbali na sigiri na jiko la makaa, kwa sababu majivu ni mepesi na feni huyavuta kwa urahisi. Iweke karibu na dirisha lakini nje ya jua. Feni ya mezani ikiwepo, ielekeze kwenye mashine. Kazi nzito, kama kuunganisha video ya harusi, kuchapa mitihani ya shule nzima au kujaza nyimbo na filamu kwenye flashi za wateja, ifanye kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, kabla mabati hayajapata moto. Mchana fanya kazi ya kuandika tu.

Baada ya hapo ipunguzie mzigo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue orodha ya programu, kisha bonyeza juu ya neno CPU ili zinazokula nguvu nyingi zije juu. Ukikuta usiyoijua inakula nusu ya nguvu huku hufanyi chochote, shuku virusi. Duka linalopokea flashi za watu ishirini kwa siku linapokea pia virusi vya kompyuta ishirini. Endesha uchunguzi kamili wa kinga ya virusi, na uuendeshe asubuhi, maana kazi hiyo yenyewe huleta joto.

Kuna mpangilio mmoja ambao umesaidia wengi. Ndani ya Windows fungua Control Panel, kisha Power Options, kisha mipangilio ya juu ya mpango unaotumia. Tafuta "Processor power management", na chini yake "Maximum processor state". Iko 100. Iweke 99, kwenye betri na kwenye chaja. Badiliko hilo dogo huzizuia prosesa nyingi kuruka kwenye kasi ya ziada, ambayo ndiyo yenye joto kali kuliko zote. Bado inachemka? Shusha hadi 80. Kazi za ofisini zitaendelea vizuri. Kama sehemu hiyo haionekani kwenye mashine yako, chagua mpango wa kuokoa umeme ulio kwenye Settings.

Na hapa nakusihi: usiiweke laptopi kwenye friji, usiifunike kitambaa chenye maji, usiiwekee barafu. Ikitoka kwenye baridi na kukutana na hewa ya Koboko, unyevu unageuka matone ndani kwenye nyaya, na shida ya vumbi inageuka kuwa ubao ulioungua.

Kuisafisha mwenyewe

Laptopi ya miaka miwili au mitatu ikifunguliwa huku kwetu, mara nyingi kinachoonekana si vumbi la kutawanyika. Ni pazia nene, la kijivu na wekundu wa murram, limekaa kati ya feni na vibati kama pamba ya godoro, nyuzi za nguo na nywele zikiwa zimesukwa ndani yake. Ukiliinua kwa kibano linatoka zima, kwa umbo la tundu lenyewe. Feni ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zake zote, ila hewa haikuwa na pa kupita.

Unahitaji bisibisi ndogo ya nyota inayoingia sawasawa kwenye skrubu, brashi laini ya rangi au mswaki mpya, kibano, kijiti cha meno, kipande kigumu cha plastiki kama kadi ya simu, na pampu ya mkono ya mpira au kopo la hewa. Tafuta YouTube video ya kufungua laptopi ya namba hiyohiyo ya mashine yako, uitazame yote kabla ya kuanza. Kama mashine bado ina udhamini, soma kwanza masharti yake.

1. Izime kabisa, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka nje. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 20 ili umeme uliobaki uishe.
2. Fanya kazi mezani penye mwanga, mahali pasipo na upepo. Gusa kitu cha chuma kilichogusana na ardhi kabla ya kugusa ubao wa ndani.
3. Toa skrubu na uzipange juu ya karatasi uliyochora umbo la laptopi, kila moja mahali pake. Skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa ubao.
4. Fungua mfuniko wa chini polepole kwa kadi ya plastiki. Kama betri iko ndani, chomoa kwanza kiungo chake kwenye ubao.
5. Zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke. Feni inayozungushwa kwa upepo mkali inaweza kuharibika shina lake, na inazalisha umeme unaorudi kwenye ubao.
6. Toa lile pazia la vumbi kwa kibano na brashi. Kisha puliza kuanzia kwenye tundu la kutokea hewa kuelekea ndani, halafu kutoka ndani kuelekea nje.
7. Rudisha betri, funga, iwashe, sikiliza feni, na urudie kipimo cha kiganja.

Kuna mazoea mawili ya kuachana nayo. La kwanza ni kupuliza kwa mdomo, maana mate yana chumvi na maji. La pili ni kuipeleka laptopi gereji ipulizwe kwa kompresa ya matairi. Kompresa hiyo ina nguvu ya kung'oa feni, na ndani ya mpira wake mara nyingi kuna matone ya maji na mafuta. Pampu ya mkono haina makuu, lakini haiui mashine.

Ukifungua ukakuta betri imevimba, simama hapo. Dalili zake huonekana hata kabla ya kufungua: sehemu ya kugusia kipanya inainuka, au mfuniko haufungi sawasawa. Usiikandamize, usiitoboe, usiichaji tena, na usiitupe kwenye moto wa takataka. Betri za lithiamu zinawaka kwa ukali usiozimika kirahisi. Mpe fundi anayejua kuitoa.

Pesti ya joto

Kati ya prosesa na bamba la shaba kuna pesti, kwa kawaida ya kijivu, inayojaza mianya midogo ili joto lipite. Kwa miaka inakauka na kuwa unga. Kama umesafisha vumbi vizuri, feni inazunguka, hewa inatoka, na bado prosesa inaruka hadi 95 dakika chache tu baada ya kuanza kazi, pesti ndiyo ya kubadilishwa.

Kazi hii ni ya mtu mwenye mkono uliotulia. Bamba lina skrubu zilizoandikwa namba 1, 2, 3, 4. Fuata namba hizo wakati wa kukaza, kidogokidogo kwa zamu, ili bamba likae sawa. Pesti ya zamani ifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pesti mpya iwe kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi inamwagika, ikipungua inaacha mapengo. Usilipinde bomba la shaba, kwa sababu likipasuka maji yake yanakwisha na halina kazi tena.

Vile vipande laini vya mpira vilivyo pembeni ya prosesa vina unene wake maalumu. Virudishwe vilivyokuwa, au viwekwe vipya vya unene uleule. Usikubali pesti imwagwe badala yake. Na usikubali dawa ya meno wala grisi ya gari. Vinapoza kwa siku chache, kisha vinakauka na kuacha prosesa katika hali mbaya kuliko ya mwanzo.

Umeme wa kwetu

Kampuni ya WENRECo ilikabidhiwa umeme wa West Nile mwaka 2003, na kwa miaka mingi mkoa uliishi kwa mtambo wa mafuta wa Arua, kisha na bwawa dogo la Nyagak I karibu na Paidha, lenye megawati 3.5, lililoanza kazi mwaka 2012. Mwaka 2024 mkoa uliunganishwa na gridi ya taifa. Hata hivyo jenereta na sola havijaondoka madukani wala vijijini, na kila chanzo kina namna yake ya kuitesa laptopi.

Soma maandishi madogo kwenye chaja yako. Upande wa kuingiza, nyingi zinakubali volti 100 hadi 240. Jenereta ndogo inaweza kupita hapo pale mzigo mkubwa, kama mashine ya kusaga, unapozimwa ghafla. Tumia kile kifaa cha kulinda umeme ambacho maduka huuza kwa ajili ya friji na televisheni, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Wakati wa mvua za radi, chomoa chaja ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Wenye sola, isikilizeni chaja. Inverta za bei ya chini hutoa umeme usio laini, na chaja ikiunganishwa nazo huvuma na kuwa ya moto kuliko kawaida. Joto hilo linafupisha maisha yake, na chaja iliyochoka inazima laptopi kwa namna ambayo mwenyewe ataidhania ni feni. Kama kazi yako yote inategemea sola, nunua inverta inayotoa umeme laini. Au tumia chaja ya gari ya volti 12 iliyotengenezwa kwa laptopi, ili umeme utoke kwenye betri ya sola bila kupitia inverta.

Ukinunua chaja nyingine, volti za upande wa kutoa lazima ziwe zilezile, mfano 19.5 kwa 19.5. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe si pungufu. Kichwa cha chaja kuingia kwenye tundu si ushahidi kwamba chaja inafaa.

Ukienda kwa fundi

Arua na Koboko zina mafundi hodari, wengine wamejifunzia vyuoni na wengine mikononi mwa kaka zao. Mpe fundi heshima yake, naye akupe haki yako. Nakili kazi zako na uondoe picha za siri kabla ya kuiacha mashine. Mweleze ulichopima: imedumu dakika ngapi, hewa inatoka au haitoki, BIOS ilikaa au haikukaa. Fundi akisikia hayo anajua anazungumza na mtu aliyeitazama mashine yake.

Kisha mwambie waziwazi: "Kaka, naomba uifungue mbele yangu, na kipuri cha zamani unirudishie." Kubalianeni bei kabla ya bisibisi kushikwa. Kipuri kisipopatikana mjini kitaagizwa Kampala na kuja kwa basi linalopakia Arua Park hukohuko Kampala, safari ya karibu kilomita 500. Kwa hiyo piga picha ya maandishi yaliyo kwenye feni yenyewe na umtumie fundi. Laptopi za jina moja hutumia feni tofauti, na feni isiyo yake itapoteza nauli na siku zako.

Ukitaka kununua laptopi ya mtumba, usiridhike kuona imewaka. Omba muda wa nusu saa. Ichezeshe video dukani, weka kiganja kwenye tundu, sikiliza feni, tazama kama skrubu za chini zimechubuka. Muuzaji anayekataa nusu saa amekwisha kukujibu.

Weka tarehe mbili kwa mwaka

Ushauri wote huu hautafaa kitu ukingojea mpaka mashine izime. Isafishe mwezi wa Novemba, kabla upepo wa kiangazi haujaanza kubeba murram, na uisafishe tena Aprili, mvua zikishatuliza vumbi. Duka lililo kando ya barabara ya vumbi liongeze mara moja katikati ya Januari. Pesti ibadilishwe baada ya miaka miwili au mitatu, au mapema zaidi vipimo vikidai. Usiku funika laptopi kwa kitambaa safi ikiwa imezimwa na imepoa, na ukisafiri kwa boda iweke ndani ya mfuko uliofungwa.

Laptopi moja Koboko inaweza kuwa riziki ya nyumba nzima, ada ya shule ya watoto wa dada, na ofisi ya kikundi cha akina mama. Inastahili kutunzwa kama kitendea kazi chochote cha thamani. Basi leo, kabla hujaiwasha tena, nakili kazi zako, ondoa plastiki mezani, weka kiganja kwenye tundu la hewa. Ukikosa upepo hapo, usisubiri kesho: tafuta bisibisi, au ipeleke kwa fundi.